Ajali 1,735, vifo 1,715

Usiku wa Desemba 31, 2024, kwenye salamu zake za kuaga mwaka, Rais Samia Suluhu Hassan alifika kwenye ajali za barabarani. Ajali 1,735 kwa mwaka, vifo 1,715. Takribani asilimia 97 ya ajali hizo ni makosa ya kibinadamu, uzembe wa madereva ukiwa mbele. Namba zenyewe ni za polisi, zile zile zinazozunguka kila mwisho wa mwaka kutoka kwa makamanda hadi magazetini, na kutoka magazetini hadi vijiweni.

Watu walisikitika, mwaka ukageuka. Mimi namba hizo zimenikwama kooni kwa wiki kadhaa, na kinachonikwama ni ujirani wake.

Ajali 1,735. Vifo 1,715.

Gawanya 1,735 kwa siku 366 za mwaka ule. Nchi nzima, kuanzia Kagera hadi Mtwara, ni ajali zisizofika tano kwa siku. Anayesimama Ubungo jioni anaweza kuzihesabu hizo tano kabla ya adhana ya Isha: bajaji imekwangua ubavu wa Noah, daladala imemvaa mwenzake kwa nyuma, abiria wa bodaboda amedondoka, goti limechubuka, ananyanyuliwa, anapewa hela ya dawa, yameisha.

Kwa hiyo 1,735 ni idadi ya nini hasa?

## Ajali sita, ajali tatu, ajali moja

Mwaka 2013 polisi waliandika ajali zaidi ya 23,000 na vifo karibu 4,000. Kwa kila kifo, ajali kama sita.

Mwaka 2016: ajali 9,856, vifo 3,256. Kwa kila kifo, ajali tatu.

Mwaka 2024: kwa kila kifo, ajali moja.

Ukiitazama safu ya ajali peke yake, unaona mafanikio makubwa: zimepungua mara kumi na tatu ndani ya miaka kumi na moja. Ukitazama safu ya vifo, havijapungua hata mara mbili na nusu. Safu mbili za jedwali moja, za barabara zile zile, haziendi pamoja.

Anayejua kazi ya usalama barabarani atashtushwa zaidi na mwelekeo wake. Mkanda hauzuii gari kugonga. Unamzuia dereva asipite kwenye kioo. Kofia ngumu haizuii pikipiki kuteleza, inalinda fuvu. Hata kushusha mwendo hukata vifo kwa kasi kuliko kunavyokata ajali: Shirika la Afya Duniani linasema mwendo wa wastani ukipanda kwa asilimia 1, hatari ya ajali ya kuua hupanda kwa asilimia 4 hivi. Nchi inayofanikiwa huona migongano ikiendelea huku maiti zikipungua, ajali nyingi kwa kila kifo. Sisi jedwali linasema kinyume: migongano imeyeyuka, maiti zimebaki.

Ama barabara zetu zimekuwa za ajabu, kila anayegusana na mwenzake lazima afe mtu, ama ajali ndogo zimeacha kuingia kwenye hesabu.

Mimi naamini la pili. Ajali ndogo makaratasi yake yapo. Mwenye gari aliyewahi kudai bima anayajua kwa namba za fomu za polisi: PF 90 mwanzoni, PF 115 ya mkaguzi wa magari, mchoro wa eneo, PF 93 upelelezi ukifikia mwisho. Aliyeumia anakwenda na PF3. Bampa lililopasuka na taa mbili zilizovunjika zinatosha kuanzisha mzunguko huo wote, kwa sababu kampuni ya bima haitoi shilingi bila ripoti ya polisi. Atakayetaka kuijaribu ile 1,735 achukue idadi ya madai ya bima za magari yaliyolipwa mwaka huo huo, aiweke kando yake.

## Hoja ya upande wa pili

Hapa nilisita kwa muda, maana upande wa pili una hoja ya haki.

Kuna kazi iliyofanyika. Tochi za kupima mwendo zilijaa barabara kuu, kibao cha 50 kikawa kitu cha kuogopwa kila penye makazi, mabasi yakafungwa kwenye kilomita 80 kwa saa, LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, ikaweka ving'amuzi vinavyofuatilia basi njia nzima. Dereva wa Dar–Mbeya wa leo haendeshi kama wa mwaka 2005. Kwa nini nikatae kwamba vifo vimepungua kweli?

Sikatai kwamba vinaweza kuwa vimepungua. Nauliza kiasi, na jirani ananitatiza.

Mwaka 2016 Kenya iliandika vifo 2,965 barabarani, sisi 3,256. Tulikuwa tunalingana. Mwaka 2024 mamlaka yao ya usafiri, NTSA, iliandika vifo 4,748. Sisi 1,715. Magari ni yale yale ya mtumba kutoka Japani, bodaboda zimeongezeka pande zote mbili za Namanga, na watu tuko wengi kuliko wao. Ndani ya miaka minane wao wamepanda kwa asilimia 60, sisi tumeshuka karibu nusu.

Inawezekana wao wameharibikiwa na sisi tumefaulu. Inawezekana pia kwamba wao wamejifunza kuhesabu, na anayehesabu vizuri siku zote huonekana mbaya kuliko asiyehesabu. Hili la pili ndilo linalowatisha wakubwa wa takwimu popote duniani: ukirekebisha daftari, mwaka wa kwanza unaonekana umeua watu.

## Sisi na Waingereza

Mfano huu ndio ulioniondolea mashaka yaliyobaki.

Mwaka 2023 polisi wetu waliandika vifo 1,647. Mwaka huo huo Uingereza, bila Ireland ya Kaskazini, iliandika 1,624. Wao ni watu milioni 66 hivi na magari zaidi ya milioni 40. Sisi kwa sensa ya 2022 ni watu milioni 61.7. Kwa kila watu 100,000, wao wanapoteza kama 2.4, sisi kama 2.7. Wastani wa dunia nzima kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani ni 15.

Yaani kwa jedwali letu, kutembea ukingoni mwa Barabara ya Morogoro usiku, pasipo taa, malori yakikupuliza, ni salama karibu sawa na kutembea London.

Sasa tazama upande wa majeruhi. Kwa vifo vile 1,624, Waingereza waliandika majeruhi zaidi ya 130,000: zaidi ya themanini kwa kila maiti. Sisi mwaka 2016, kwa vifo 3,256, tuliandika majeruhi kama 9,000. Hawafiki watatu kwa kila maiti. Kwa dunia nzima makadirio ni majeruhi kati ya milioni 20 na 50 kwa vifo milioni 1.19, yaani wasiopungua kumi na sita kwa kifo.

Na Waingereza wenyewe hawajidai. Idara yao ya usafiri huandika waziwazi kwamba majeruhi wengi hawafiki polisi. Kuanzia mwaka 2016 baadhi ya vikosi vyao vilibadili namna ya kujaza fomu: askari akawa anachagua aina ya jeraha, na mfumo wenyewe unaamua kama ni kubwa au dogo, badala ya yeye kukisia. Majeruhi wakubwa wakaongezeka ghafla kwenye vikosi hivyo. Idara haikusema barabara zimeharibika, wala haikuficha. Ilichapisha namba zilizorekebishwa kando ya zile za asili na kueleza kwamba fomu ndiyo iliyobadilika.

Maelezo ya namna hiyo ndiyo ninayoyatafuta kando ya safu yetu ya ajali, ile iliyotoka 23,000 hadi 1,735.

## Mara tano

Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya 2018 ilichukua vifo vyetu 3,256 vya 2016, ikaandika pembeni makadirio yake: 16,252. Mara tano. Kwa Kenya, 2,965 dhidi ya 13,463.

Wanaharakati huishika ile kubwa, polisi huishika ile ndogo, na kila upande humwona mwenzake mwongo. Ile kubwa haikuhesabiwa na mtu. Ni matokeo ya mlinganyo unaotumika kwa nchi zisizo na usajili kamili wa vifo: unaingiza pato la taifa, idadi ya magari, sehemu ya pikipiki, huduma za afya na mengineyo, unapata idadi ya vifo ambayo nchi ya sura hiyo ingetarajiwa kuwa nayo. Inaweza kupotea kwa maelfu. Atakayesema kwa uhakika kwamba watu 16,252 walikufa anafanya kosa lile lile la anayesema kwa uhakika 3,256.

Nilidhani kwanza pengo linaelezwa na siku 30. Kiwango cha kimataifa kinamhesabu aliyekufa ndani ya siku 30 tangu ajali; ukihesabu waliofia eneo la tukio tu, unakosa wengine. Wataalamu wa Ulaya wana kizidishio chake: waliofia papo hapo, zidisha kwa 1.30, waliokufa ndani ya siku tatu, 1.15, ndani ya wiki, 1.08. Basi chukua dhana mbaya kuliko zote, kwamba polisi waliandika wa papo hapo tu. 3,256 mara 1.30 ni 4,233.

Bado ni mbali mno. Hospitali peke yake haijazi shimo hilo, na pengo lazima liwe na sehemu nyingine: vifo ambavyo trafiki hakuviona kabisa, kuanzia eneo la tukio. Bodaboda iliyoanguka yenyewe kwenye barabara ya vumbi ya kijijini. Gari lililogonga likaendelea na safari. Ndugu waliombeba mtu wao wakazika kesho yake mchana kwa kibali cha mtendaji, kituo cha polisi kikiwa umbali wa nauli ambayo hawana.

## Siku ya tisa

Hata hivyo shimo la hospitali lipo, na linachimbwa hivi.

Tuseme ajali imetokea Mikumi. Jalada linafunguliwa mkoani Morogoro: mmoja kafa, watatu majeruhi. Jioni taarifa inapanda mkoani, kutoka mkoani inakwenda makao makuu. Mmoja wa wale watatu ana jeraha la kichwa. Anapewa rufaa, anafikishwa Muhimbili usiku. Siku ya tisa anafariki.

Amefariki Dar es Salaam, jalada liko Morogoro. Daktari hana wajibu wa kumpigia mpelelezi wa Mikumi, wala hana namba yake. Ndugu wana maiti ya kusafirisha. Mpelelezi atajua iwapo familia itarudi kutafuta ripoti kwa ajili ya fidia, au kesi ikifika mahakamani na shtaka likahitaji kubadilishwa kutoka kujeruhi kuwa kusababisha kifo. Hapo jalada litarekebishwa. Lakini taarifa ya Januari hadi Juni ilishasomwa mbele ya kamera, na taarifa iliyosomwa hairudi.

Upande wa hospitali nako kuna mtego. Kwenye cheti daktari anaandika kilichomuua mgonjwa: jeraha ndani ya fuvu, kwa alama za ICD-10, orodha ya kimataifa ya magonjwa, ni S06. Ili kifo kihesabike cha barabarani inatakiwa iongezwe alama ya pili, ya kundi la V01 hadi V99, inayosema aligongwa na nini akiwa anafanya nini. Alama hiyo ya pili ikirukwa, hakuna wa kujua baadaye kama marehemu aligongwa na lori au alianguka kutoka kwenye mwembe.

## Uzembe, asilimia 97

Sababu ya ajali huamuliwa mapema, na anayeiamua anatafuta mtu wa kushtakiwa. Hiyo ndiyo kazi yake kisheria, simlaumu. Trafiki anafika, anapima kwa futi, anachora, anauliza mashuhuda, mwisho anaandika sababu. Mara nyingi sababu ni moja, na katika ile moja, binadamu ndiye anayeweza kupandishwa kizimbani. Ukingo wa lami ulioliwa na mvua ukabaki na ngazi ya sentimita kumi na tano hauwezi. Viti vya basi vilivyong'oka kwa kuwa bodi iliundwa kwa vyuma vyembamba haviwezi. Njia nane za Kimara hadi Kibaha, na mama mwenye ndoo anayetaka kuvuka kwenda upande wa pili, haziwezi.

Mtu anayegongwa na gari la mwendo wa kilomita 65 kwa saa ana hatari ya kufa mara nne na nusu kuliko anayegongwa kwa 50. Dereva mzembe ni yule yule, barabara ndiyo imeamua kama tutazika. Lakini kwenye fomu ni uzembe wa dereva. Au, mbaya zaidi, uzembe wa mtembea kwa miguu.

Kwa hiyo asilimia 97 inatueleza zaidi namna fomu inavyojazwa kuliko namna watu wanavyokufa. Ukijenga sera juu yake utapata semina za madereva kila mwaka na kituo kipya cha tochi.

## Kupanda na kushuka

Kutoka 1,647 mwaka 2023 hadi 1,715 mwaka 2024 ni ongezeko la vifo 68, asilimia 4. Vingeshuka kiasi hicho hicho tungepongezana.

Kuna kipimo cha haraka ambacho mwandishi wa habari anaweza kukifanya kwa simu akiwa bado kwenye kiti cha mkutano. Jumlisha miaka miwili, tafuta kipeuo cha pili, zidisha kwa mbili. 1,647 na 1,715 ni 3,362. Kipeuo chake ni 58. Mara mbili ni 116. Tofauti iliyo chini ya 116 inaweza kuwa bahati tupu, barabara zikiwa hazijabadilika chochote. Na hapo tumekuwa wapole, maana vifo huja kwa mafungu: basi moja likipinduka linabeba ishirini, na kuyumba kunaongezeka.

Mikoani ni balaa. Mkoa ukitoka vifo 36 hadi 30, RTO, mkuu wa trafiki wa mkoa, atatangaza kushuka kwa asilimia 17. Kipeuo cha 66 ni 8, mara mbili 16. Tofauti yake ni 6. Hajashuka wala hajapanda, na anayepandishwa au kuhamishwa kwa namba hiyo anaonewa au anapendelewa.

Anayehudhuria mikutano hiyo ningemwomba aache kuuliza asilimia. Aulize ajali ngapi kati ya hizo zilikuwa za kuua, na zisizoua zinaandikwa wapi. Aulize majeruhi waliofia hospitali mwaka jana waliongezwa lini kwenye jumla. Aulize namba ya mwaka jana inayolinganishwa leo ndiyo ile iliyotangazwa mwaka jana, au imesahihishwa.

## Daftari mbili

Njia ya kupata ukweli ipo, na wahesabu samaki wanaijua. Unavua samaki, unawatia alama, unawarudisha bwawani. Unavua tena, unaona wangapi wana alama. Wakiwa wachache, samaki wa bwawa ni wengi kuliko ulivyofikiri.

Chukua wilaya moja, mwaka mmoja. Daftari la polisi lina vifo 40 vya barabarani. La mochwari lina 60. Unapitia jina kwa jina, unakuta 24 wako kwenye yote mawili. Zidisha 40 kwa 60, gawanya kwa 24: vifo 100. Polisi waliona 40, mochwari 60, na 24 hawakuonwa na yeyote. Huko Karachi, Pakistan, watafiti walifanya hivi kwa mwaka 1994 wakitumia orodha ya trafiki na ya magari ya wagonjwa ya shirika la Edhi, wakakuta takwimu rasmi zilikuwa zimenasa asilimia 56 ya vifo, na asilimia 4 tu ya majeruhi wakubwa.

Hesabu ni ya darasa la saba. Kazi iko kwenye kulinganisha majina, na ukikosea hapo umeharibu kila kitu: ukishindwa kuwaunganisha wanaostahili, jumla inavimba, ukiwaunganisha wasiostahili, inanywea. Juma Ally wa polisi ni Juma Ali wa mochwari, au ni watu wawili? Ndiyo maana jina halitoshi. Unachukua tarehe, jinsia, umri kwa kupishana miaka mitano, mahali, na aina ya chombo. Vikikubaliana vinne, unamhesabu mmoja.

Halafu unafika kwenye mistari kama hii. Polisi: mtu mume asiyefahamika, mtembea kwa miguu, Mbezi, saa 3 usiku, gari halikusimama. Mochwari: mtu mume asiyefahamika, miaka kama 35, ameletwa na wasamaria saa 7 usiku, tarehe imeshageuka, mahali hapakuandikwa.